PESA ZA TABIANCHI HUPITIA WAPI KABLA YA KUFIKA GATWEKERA?

Toleo lililopita la jarida hili lilikuwa na makala juu ya vyoo vya shule, na kila mtu alicheka hadi mbavu zikamuuma. Yangu si ya kuchekesha sana. Nataka kueleza juu ya pesa zinazotolewa ili vijana wa makabila na mataifa tofauti wafunzwe pamoja kuhusu mabadiliko ya tabianchi: zinatoka wapi, zinapitia mikono ya nani, na kwa nini zikifika huku kwetu Gatwekera mara nyingi huwa zimeshageuka kuwa tisheti. Nasema hivyo kwa sababu tisheti moja ninayo mimi mwenyewe. Ninacho na cheti. Hata hivyo mvua kubwa ya kwanza baada ya kukipata cheti hicho, mtaro wa nyuma ya ploti yetu ulifurika vile vile kama zamani.

Wacha nianze na usiku mmoja wa mwisho wa Aprili mwaka 2024, nikiwa kidato cha kwanza. Mvua ilikuwa imepiga mabati tangu jioni hata hatukuweza kusikia redio. Yapata saa nane hivi mama alipiga ukemi, "Amkeni! Maji inaingia!" Nilishusha mguu kutoka kitandani nikakanyaga maji ya baridi yaliyofika kwenye vifundo. Yalikuwa yakiingia chini ya mlango pamoja na matope, chupa za plastiki na vitu vingine ambavyo sitavitaja katika jarida la shule. Tulipanda juu ya kitanda sote wanne na jiko na gunia la makaa. Asubuhi vitabu vyangu vya kidato cha kwanza vilikuwa uji. Sisi tulikuwa na bahati, maana jirani zetu wa chini kabisa, karibu na mto, walipoteza nyumba yenyewe na kila kilichokuwemo.

Mafuriko ya mwaka huo yaliua zaidi ya watu 200 nchini Kenya. Shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili zilifungwa hadi tarehe 13 Mei. Mwezi huo wa Mei serikali iliamuru watu wote wanaoishi chini ya mita 30 kutoka ukingo wa mto wahame, na nyumba nyingi za mitaa kama yetu zikabomolewa. Basi waliosombwa na maji na waliobomolewa nyumba wakakutana wote barabarani na magodoro yao.

Mwalimu wetu wa jiografia alitueleza jambo hili vizuri. Hewa ikiwa na joto zaidi hubeba mvuke zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila digrii 1 ya Selsiasi. Kwa hivyo dunia inapopata joto kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari, mvua ikija huja kwa fujo, na ikikataa hukataa kabisa. Ndiyo maana kabla ya mafuriko hayo, tangu mwisho wa 2020 hadi 2022, sehemu za kaskazini na mashariki mwa nchi yetu zilikosa misimu mitano ya mvua mfululizo, na bei ya unga tuliisikia hata sisi ambao hatuna ng'ombe. Bara letu la Afrika lina mchango mdogo sana katika moshi huo. Lakini nisiseme uongo: mtaro wetu haukuzibwa na viwanda vya Ulaya. Ulizibwa na chupa, nepi na magunia yetu wenyewe. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na mafunzo yoyote ya tabianchi ambayo hayasemi yote mawili ni nusu mafunzo.

Sasa nije kwenye semina. Likizo ya Agosti mwaka 2025, shirika fulani, ambalo jina lake nitaliweka mfukoni, lilichagua vijana wa Kibera na Kawangware tukutane na vijana waliotoka ng'ambo. Tulifunzwa siku tatu ndani ya hoteli iliyo mbali na kwetu, kwa basi la kukodi. Chakula kilikuwa kizuri ajabu, kuku kila siku, na wengine tulifunga vipande kwenye karatasi tukawapelekea wadogo zetu. Tulichora miti kwenye karatasi kubwa. Tulijifunza maneno mengi ya Kiingereza ambayo sasa siyakumbuki. Siku ya mwisho tukapewa tisheti, kalamu, cheti na shilingi 500 za nauli, tukapigwa picha, kwaheri.

Sisemi semina ilikuwa mbaya. La hasha! Jambo bora zaidi la siku hizo tatu halikuwa kwenye ratiba. Msichana mmoja Mjerumani, umri wake kama wangu, aliniuliza kwa Kiingereza, "Hayo maji ya kwenu yanapita wapi?" Nikashindwa kueleza, nikamwambia kesho tukitoka mapema nitakuonyesha. Tukaenda, yeye na wenzake wawili, na kiongozi wao akilalamika nyuma. Niliwaonyesha mtaro unavyoshuka kutoka upande wa reli ukipita nyuma ya ploti, hadi kwenye mto. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba kwao Ujerumani mwezi wa Julai mwaka 2021 mto mdogo wa bonde la Ahr ulifura usiku, na katika nchi nzima watu zaidi ya 180 walikufa, ijapokuwa wao wana kompyuta na mitambo ya kutabiri hali ya hewa. Utabiri ulikuwepo. Onyo ndilo halikuwafikia watu wengi kwa wakati. Mimi nilikuwa nikidhani mafuriko ni ugonjwa wa maskini.

Halafu nikawapeleka kwa bibi mmoja Mnubi huko Makina, ambaye sote tunamwita Habuba. Wanubi ndio walioanza kukaa hapa, walikuwa askari wa King's African Rifles waliotolewa Sudan, na jina la Kibra kwa lugha yao lina maana ya msitu. Tulimwamkia, akaitikia, akatukaribisha chai ya tangawizi. Nilipomweleza habari za mafuriko alicheka kidogo akasema, "Mjukuu wangu, pale mto ulipopita mwaka jana si pageni. Pale ni pake. Sisi tulikuwa hatujengi pale, tulikuwa tunapanda mahindi tu, na mto ukija unachukua mahindi." Yule Mjerumani aliandika kila neno. Mimi ninayeishi hapa tangu nizaliwe nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.

Hilo ndilo ninaloita mafunzo ya tamaduni tofauti. Mjerumani, mzee Mnubi na mimi mtoto wa Kiluo, kila mmoja ana kipande ambacho mwenzake hana. Na gharama yake? Chai ilikuwa bure.

Tuangalie sasa pesa. Mwaka 2009 huko Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kwamba kufikia 2020 zitakuwa zikizipa nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kila mwaka kwa ajili ya tabianchi. Mwaka 2020 ulifika, pesa hazikutimia. Kwa hesabu zao wenyewe zilitimia mwaka 2022. Mwaka 2024 huko Baku wakaahidi dola bilioni 300 kila mwaka ifikapo 2035. Mimi mwaka huo nitakuwa na miaka 25. Kwetu Kenya, Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilipitishwa mwaka 2016, na mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 za mpango unaojulikana kwa kifupi kama FLLoCA, nazo nchi kama Denmark na Sweden zikaongeza zao. Maana ya mpango huo ni kwamba wananchi wa chini ndio wapange kazi. Pesa hutoka Hazina ya Taifa, huenda kwa kaunti, na katika kila wadi huundwa kamati ambayo lazima iwe na akina mama, walemavu na vijana. Kamati ndiyo husema: sisi tunataka daraja, sisi tunataka mtaro, sisi tunataka miti.

Usisahau pia kwamba zile dola milioni 150 za Benki ya Dunia ni mkopo. Zitalipwa na sisi tunaokaa darasani sasa hivi. Nilipomwambia rafiki yangu wa dawati alisema, "Kumbe tumekopeshwa pesa ya kupigana na moto tusioutia?" Nikakosa jibu.

Awali kila kaunti ilitengewa shilingi milioni 11 za kujiandaa, yaani kuweka ofisi, kutunga sheria, kuunda hizo kamati na kuzifunza. Kaunti ya Nairobi ina wadi 85. Chukua kikokotoo ugawanye: ni kama shilingi 129,400 kwa wadi moja. Najua pesa hizo si za kugawana hivyo, na pesa za kujenga huja baadaye katika fungu lingine. Lakini hesabu hiyo inaonyesha jinsi milioni zinavyokuwa nyembamba zikishuka. Wadi yetu ya Sarang'ombe ina Gatwekera, ina Kisumu Ndogo, ina Olympic na kwingineko. Kama mafunzo ya vijana yatafanyiwa hotelini, pesa hizo zitaisha kwa chakula cha mchana.

Mimi nilifanya utafiti wangu mdogo. Nilikwenda kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi, Kibera Drive, na daftari, mwenye duka akadhani nimetumwa na kanjo. Wilbaro aliniuzia kwa mdomo shilingi 5,500, sepetu 650, gambuti jozi moja 900, reki 400. Kwa wilbaro mbili, sepetu kumi, reki tano na gambuti jozi ishirini, jumla ni shilingi 37,500. Vifaa hivyo vinatosha vijana ishirini kuufungua mtaro wote kutoka kwenye reli hadi mtoni, na mwakani vingali vipo. Nilipouliza kwa nini semina yetu haikununua hata sepetu moja, mmoja wa viongozi alinijibu kwa upole kwamba pesa za mfadhili zilikuwa za "kujenga uwezo" na vifaa ni fungu jingine. Yaani mtu anafunzwa kuogelea kwa karatasi kwa sababu maji yako kwenye bajeti nyingine.

Hata hivyo, tusilie tu. Nairobi hii hii imeshaonyesha njia zaidi ya mara moja.

Huko Mathare mwaka 1987 Mkanada mmoja, Bob Munro, alianzisha pamoja na vijana wa mtaa chama cha michezo cha MYSA. Kanuni yao ilikuwa rahisi mno: timu ikisafisha mtaa inapata pointi katika msimamo wa ligi. Fikiria! Unaweza kushinda mechi zote na bado ukapitwa na timu iliyofunga mabao machache lakini imebeba taka. Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa uliwatunuku tuzo ya mazingira ya Global 500, na timu zao zilikuwa zikienda hadi Oslo kucheza na vijana wa Norway. Pale mpira ndio uliokuwa semina. Hakuna aliyehitaji kulipwa nauli ili aje kucheza.

Kwetu Kibera, mwishoni mwa mwaka 2009, Wamarekani wawili, Mikel Maron na Erica Hagen, walikaa na vijana 13 wa vijiji vyetu wakawafunza kuchora ramani kwa vyombo vya setilaiti. Kabla ya hapo katika ramani Kibera ilikuwa doa tupu, pengine msitu, kana kwamba sisi sote ni tumbili. Vijana hao walitembea kila kichochoro wakaandika vyoo, zahanati, shule, mabomba ya maji. Mradi ukaitwa Map Kibera, na baadaye UNICEF ikautia pesa. Kilichobaki mkononi baada ya mafunzo ni ramani ambayo yeyote anaweza kuitumia bila kulipa. Hebu niulize, semina yetu ilibakisha nini? (Tisheti yangu imeshapauka.)

Kuna pia shirika la KDI, lililoanza mwaka 2006, ambalo limejenga viwanja vya umma kando ya mto hapa Kibera, pamoja na wananchi. Wataalamu wa kizungu na wa Kenya walileta michoro, wenyeji wakasema maji hufika wapi, kisha wakajenga kuta za mawe yaliyofungwa ndani ya wavu wa waya ili ukingo usimomonyoke. Nililopenda mimi ni kwamba wenyeji wana vyoo na vibanda vya kulipisha humo, na mapato hutumika kutunza kiwanja. Mfadhili akienda, bomba linaendelea kutengenezwa.

Na mfano ninaoupenda zaidi hauhusu tabianchi, lakini uko hapa hapa Gatwekera. Mwaka 2000 kijana Mmarekani, Rye Barcott, alimpa muuguzi mmoja mjane, Tabitha Festo, kama shilingi 2,000, yaani dola 26. Hakupewa semina. Aliuza mboga, akaongeza zile pesa, akafungua kliniki ndani ya nyumba yake ya mabati. Alifariki mwaka 2004, ila Kliniki ya Tabitha wengi wetu tumedungwa sindano ndani yake. Nikilinganisha zile shilingi 2,000 na kuku wa hoteli, natamani aliyepanga bajeti ya semina yetu angemjua mama huyo.

Lipo jambo moja ambalo wafadhili hulalamikia, na ni haki nilitaje. Husema vijana wa mtaani hawaji mafunzoni bila posho. Ni kweli. Kaka yangu ni mmoja wao. Yeye hufanya kibarua cha mjengo Kilimani, analipwa jioni, na jioni hiyo hiyo pesa inakuwa unga na mafuta taa. Ukimwambia aje kufunzwa siku tatu juu ya mwaka 2050, unamwambia nyumba ikae siku tatu bila kula. Huo si uroho. Serikali yenyewe ililiona jambo hilo: Oktoba 2024 ilianzisha Climate WorX, ambapo vijana wa Nairobi hulipwa kusafisha mito. Kaka alijiandikisha, hakuchaguliwa. Waliochaguliwa kutoka ploti yetu wanasema kazi ni nzuri lakini hawakufunzwa lolote, ni kuokota tu. Basi ona kioja: sisi tulifunzwa bila kazi, wao wakapewa kazi bila kufunzwa, na sote tunaishi ploti moja!

Kwa maoni yangu posho ilipwe, tena waziwazi, iandikwe kwenye bajeti ubaoni watu wote waone, lakini iwe ni ya siku ya kazi mtaroni na si ya kukaa kitini. Asubuhi somo, mchana sepetu.

Aidha wafadhili wa nje wana siku zao. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, na watu wengi nchini Kenya wakapoteza kazi kwa muda wa wiki chache. Mradi unaotegemea mfuko mmoja ulio ng'ambo ni kama nyumba ya chini kabisa karibu na mto. Ndiyo maana ile kamati ya wadi ni muhimu kuliko inavyoonekana. Vijana tuna kiti humo kisheria. Nimewauliza watu kumi na mmoja wa darasa letu kama wanamjua kijana anayekikalia kiti hicho kwa niaba yetu. Hakuna anayemjua. Mimi pia simjui.

Kitu cha mwisho ni hili la makabila. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini sote tumesimuliwa jinsi baada ya uchaguzi wa 2007 majirani wa Kibera walivyofukuzana, hata reli ikang'olewa. Mama anasema mpaka leo kuna watu hawavuki kuingia vijiji fulani usiku. Lakini mtaro wetu unavuka. Taka za Mluhya zinaziba mlango wa Mkamba, maji ya Mkamba yanaingia kwa Mluo, yote yanakwenda bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953 na ambalo sasa ni shamba la magugu maji. Kutoka hapo mto Ngong, kisha Athi, kisha Sabaki, hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Chupa niliyoitupa Gatwekera yaweza kumkuta mvuvi Mswahili ambaye hajui hata Kibera iko wapi. Kwa hivyo mfadhili akitaka mafunzo ya tamaduni tofauti si lazima akate tiketi ya ndege. Akiwalipia nauli ya basi vijana watano wa Malindi waje waone chupa zinaanzia wapi, nasi watano twende tukaone zinaishia wapi, mafunzo yatakuwa yamekamilika kwa bei ya tiketi moja ya kutoka Frankfurt.

Chama chetu cha Kiswahili kimeandika barua kwa ofisi ya wadi kuomba zile shilingi 37,500, pamoja na orodha ya vifaa na risiti ya bei kutoka dukani. Tuliiandika kwa Kiswahili sanifu, nakala mbili, ikapigwa muhuri tarehe waliyoipokea. Bado hatujajibiwa. Wakati tunangoja, tumechanga shilingi 1,950, nazo zimenunua sepetu tatu zinazolala katika stoo ya mwalimu wa kilimo. Jumamosi ya pili ya muhula ujao, saa mbili asubuhi, tutaanzia kwenye reli. Habuba amesema atakuja na kiti chake atuonyeshe mto ulipokuwa ukipita. Njoo na gambuti kama unazo, na kama huna, njoo na viatu visivyo vya shule.